Mgongo Hauhitaji Rangi

Inspekta Ahobalam alimwagia maji upanga wa kwanza, akausugua kwa kidole gumba, na doa jekundu likatoka lote. Wa pili, likatoka. Wa tatu vilevile. Maji mekundu yalitambaa kwenye sakafu ya stoo ya silaha, na Appalanarasa, mtunza stoo, akavuta miguu yake pembeni kwa kuionea huruma shuka yake mpya.

"Unafuta kazi ya mungu, afande," alisema. "Hayo madoa yalipakwa na kuhani."

Ahobalam aliendelea kusugua. Tangu juzi alikuwa anafanya kazi kama mtu aliyekula bila kusikia ladha, na hata konstebo wake, Yesupadam, aliyezoea kutukanwa kabla ya kahawa, alikuwa ameanza kuyakumbuka matusi. Kijana mmoja alikuwa amekufa kwa upanga katikati ya mchana, mbele ya kamera na watu zaidi ya hamsini, na hao wote walikuwa wamemwona yuleyule aliyempiga. Kesi nyepesi namna hiyo humchosha mpelelezi kuliko ngumu.

Aliyekufa aliitwa Sambayya. Aliyempiga aliitwa Bangarayya, rafiki yake, aliyezoea kula naye kwenye jani moja la mgomba. Walikuwa wanapiga picha ya mwisho ya *Kisima cha Mashetani Saba*, filamu ya Kitelugu ambayo Madras nzima ilikuwa inaisubiri, yenye mwana wa mfalme, mchawi mwenye kucha za shaba, na farasi anayepaa kwa waya. Bangarayya alikuwa jemadari wa mashetani. Pigo lenyewe lilipangwa la kugusa kweli, kati ya shingo na bega, kwa kuwa mwongozaji hapendi mtu kukata hewa. Upanga wa studio ni butu. Ukimpata mtu humwachia nundu na hadithi ya kusimulia. Ule haukuwa butu.

Sasa Bangarayya alikuwa rumande, na kila akiulizwa alisema neno lilelile: andikeni nilimuua. Kesho angepelekwa kwa hakimu kwa kosa la kuua kwa kukusudia, na mkuu wa kituo alikuwa ameshafurahi, maana mtu anayekiri mwenyewe hupunguza karatasi. Ahobalam alikuwa na siku hiyo moja tu ya kumwokoa shingo, kama ilikuwa ya kuokolewa.

"Ulete ule," alisema.

Yesupadam akaufungua upanga wa Bangarayya kwenye gunia. Mpini wake ulikuwa wa kichwa cha swila, na studio nzima hakukuwa na mwingine wa namna hiyo, kwa sababu mashetani saba wana jemadari mmoja. Aliyetaka kumwekea Bangarayya upanga wa kweli hakuhitaji kubahatisha. Wala hakuhitaji kujificha. Siku moja kabla ya kifo ilikuwa sikukuu ya zana, ambapo kila mtu hulaza chombo chake cha kazi mbele ya picha ya Durga: kamera, nyundo, cherehani, mapanga ya kuigizia. Kuhani hupita akitia kila kimoja doa la kumkumu, ule unga mwekundu wa bizari manjano iliyochanganywa na chokaa, na tangu hapo hadi asubuhi ya pili hakuna anayegusa kitu. Fundi cherehani hapitishi uzi. Mwizi angepata raha sana siku hiyo, kama wezi nao wasingekuwa wamelaza funguo zao mahali.

Ahobalam akaumwagia maji. Ulikuwa umeshaoshwa mara moja, kabla polisi hawajafika, na mtu wa studio aliyeona si vizuri damu ibaki mbele ya mungu siku moja tu baada ya baraka. Ahobalam alimtukana siku ile mpaka akachoka, na damu haikurudi. Lakini doa lilikuwapo. Akasugua kwa kidole. Likabaki. Akasugua kwa pindo la gunia. Likabaki.

"Mbona hili limeng'ang'ania?" aliuliza.

Appalanarasa akainama, akatazama, akanyanyua mabega. Ahobalam akamshika kichwa bila kuomba ruhusa, akapitisha kidole kwenye nywele zake zilizolowa mafuta ya nazi, kisha akakipitisha kwenye doa. Likayeyuka lote, likamwachia kidoleni utelezi. Akakipeleka dirishani. Halikuwa jekundu. Lilikuwa la zambarau iliyokolea, karibu na weusi.

Yesupadam alianza kusema kitu, Ahobalam akamnyamazisha kwa jicho. Wiki hiyohiyo alikuwa amemwona binti mfalme wa filamu akinywa chai kantini na doa la rangi ileile kwenye paji la uso, akamuuliza kwa upole kama kuna msiba kwao. Binti mfalme alicheka mpaka chai ikamwagika. Kamera haioni rangi, alimweleza. Doa jekundu kwenye filamu hutoka jivujivu kama ugonjwa, kwa hiyo chumba cha urembo kinawapaka rangi nzito ya mafuta, na watazamaji kule Bezwada na Guntur wanaona doa safi la mwanamke mwenye heshima. Ahobalam aliona haya, akalipia chai.

"Aliyebadilisha upanga aliukuta wa zamani una doa," alimwambia konstebo wake walipotoka. "Akataka na huu uwe nalo. Hakuwa na kumkumu mkononi. Alikuwa na kile anachokuwa nacho siku zote."

"Rangi ya urembo."

"Nani ana sanduku la rangi hiyo lake mwenyewe?"

Yesupadam alifikiri. Lilikuwapo sanduku kubwa la chumba cha urembo, na lilikuwapo moja dogo la fedha, la Chakradhar.

Chakradhar alikuwa ndiye mwana wa mfalme. Vijana wa Kitelugu walikuwa wanachonga masharubu kwa kumwiga yeye, na kina mama walikuwa wanawatisha binti zao kwa jina lake. Walimkuta kwenye kiti cha kulalia, wavu kichwani, sahani ya chapati za choroko ikiwa imeliwa nusu kifuani. Aliwakaribisha bila kuinuka. Alisema amehuzunika mno, kwamba Sambayya alikuwa kama mdogo wake, na kwamba hajala tangu siku ile. Ahobalam akaitazama sahani, Chakradhar naye akaitazama, na wakaiacha hapo.

Kila mtu studio alijua sababu ya kumshuku. Magazeti yalikuwa yamemcheka mwaka mzima kwamba hajawahi kushika upanga, kwamba kazi yote inafanywa na vivuli, ndivyo wanavyoitwa wale wanaoruka na kupigwa badala ya staa. Akatangaza kwamba pigano la mwisho atapigana mwenyewe. Wapigapicha wa magazeti wakaja. Na alipokuwa anaweka mguu wa kwanza kwenye ngazi ya kisima, akapiga chafya.

Chafya moja mtu anapoanza safari ni mkosi, na hapo hakuna msomi wala mjinga. Unakaa, unanywa maji, unaahirisha. Chakradhar alikaa, akanywa maji, akasema hashuki. Sambayya, kivuli wake, akavishwa kofia ya chuma haraka haraka, akashuka, akafa.

"Chafya hiyo ilikuja kwa wakati wake," Ahobalam alisema.

"Mungu alitaka."

"Mungu anavuta ugoro?"

Akanyoosha mkono, akachukua kikebe kidogo cha fedha pembeni ya kioo, akakifungua. Ugoro ulikuwamo. Uso ule wa masharubu wa Chakradhar ukapungua kidogo, ukawa uso wa mtu wa kawaida aliyekamatwa na mkewe.

"Nilijua kuna upanga mkali, au sikujua? Ndilo unalotaka kuniuliza," alisema.

"Ndilo."

"Sikujua. Niliogopa tu." Alisema hivyo kwa sauti ndogo, akitazama mlango. "Huyo Bangarayya umeuona mkono wake? Kwenye mazoezi aliniachia alama ya ubapa wa upanga, nikalala kifudifudi siku mbili. Ningemwambiaje mwongozaji, mbele ya magazeti, kwamba naogopa? Nikavuta kidogo. Hata hapo moyo ulikuwa unanidunda, maana ningepiga mbili, mbili ni baraka, ningelazimika kushuka."

Yesupadam alikohoa, akageukia ukuta. Ahobalam hakucheka. Alimwamini mara moja, na hilo lilimuudhi, kwa sababu lilimwacha bila mtu. Mwoga hupanga njia ya kukimbia. Hapangi cha kumkuta mwenzake. Akaliomba sanduku la rangi, akalifungua, akakuta rangi ya zambarau haijaguswa, ngozi ya juu imekauka.

"Hilo ni pambo," Chakradhar alisema. "Mimi sijashika brashi maishani mwangu. Kotilingam ndiye ananipaka, tangu filamu yangu ya kwanza. Hata nyusi."

"Siku ile alikupaka?"

"Kwa kituo kuliko siku zote. Nikamtania, nikamwambia mzee, leo unanioza? Alipomaliza akaenda hekaluni. Alisema ana nadhiri."

"Na Sambayya alipakwa na nani?"

"Sambayya hakupakwa. Nilipokataa kushuka, mwongozaji alisema basi tupige kutoka nyuma. Mgongo hauhitaji rangi."

Ahobalam alikifunga kikebe. Siku ya tukio alikuwa amemfuta maiti uso kwa leso yake mwenyewe, na leso ilitoka na damu na jasho, basi. Hakuona ajabu. Studio nzima watu hutembea na nyuso za unga kama chapati mbichi, na yeye hakuona ajabu kwamba huyu mmoja ana uso wake mwenyewe, dalili kwamba hakuandaliwa kushuka. Alijiona mjinga, akaendelea.

"Kotilingam ni baba yake Sambayya."

"Ndiyo. Na baba yake Simhadri, yule kaka mkubwa. Naye alikuwa kivuli changu."

"Alikufaje?"

Chakradhar alieleza kama anayeeleza hali ya hewa. Mwaka jana, ukuta wa ngome, wa kuruka kwenye nyasi. Simhadri aliruka vizuri, lakini taji lilichomoka angani, na nywele zake zilikuwa zimeanza kupungua utosini. Watu wangesema Chakradhar ana kipara. Akaomba irudiwe. Mara ya pili alikosa nyasi.

"Ile ya kwanza ilikuwa nzuri?" Ahobalam aliuliza.

"Mwongozaji alisema ni nzuri sana. Ila taji."

Waliondoka bila kunywa kahawa waliyoletewa. Nje, mafundi walikuwa wanaibomoa sanamu ya shetani wa tano kwa nyundo. Walipofika langoni Yesupadam alisimama.

"Afande, baba hawezi kumuua mwanawe."

"Hakukusudia kumuua mwanawe. Mkono wake ulimkusudia Chakradhar."

"Basi tumwache. Ameshaadhibiwa kuliko atakavyoadhibiwa na hakimu."

"Na Bangarayya je?"

Konstebo alikwenda kando ya barabara. Akaita rikisho, kigari cha kukodi.

Kotilingam aliishi nyuma ya hekalu la Vadapalani, nyumba ya vigae yenye kibaraza chembamba. Jiko lilikuwa baridi, maana nyumba ya msiba haiwashi moto, na majirani walikuwa wameleta wali wa maziwa ya mgando katika sufuria iliyofunikwa kwa sahani. Hakuna aliyeigusa. Mzee alikuwa kibarazani, kichwa kimenyolewa upya, mgongo ukutani. Sambayya alikufa bila mke wala mtoto, kwa hiyo moto wa kumchoma aliuwasha baba. Simhadri vilevile.

Ahobalam aliketi chini karibu naye. Hakutoa pole, alikuwa ameitoa juzi, na leo ingekuwa unafiki. Alimwambia tu kwamba Bangarayya anakwenda kwa hakimu kesho.

"Anakula?" Kotilingam aliuliza.

"Hali. Amesema tuandike kwamba ameua. Atanyongwa, mzee, na hatajitetea hata kwa neno moja."

Kotilingam alitazama mikono yake. Kwenye kingo za kucha kulikuwa na rangi ya miaka mingi isiyotoka kwa sabuni. Ahobalam akamweleza habari za doa, taratibu, bila kumwangalia: kwamba la kuhani linatoka kwa maji, na lile la upanga wa swila lilitoka kwa mafuta.

"Nimewatia watu madoa asubuhi na jioni maisha yangu yote," mzee alisema. "Mkono ulichovya wenyewe. Sikufikiri."

Mengine aliyasema kwa sauti isiyopanda wala kushuka, na Ahobalam hakumkatiza. Bapa la upanga lilikuwa la babu yake, askari wa zamindari mmoja, bwana wa mashamba kule Nellore. Mpini aliufinyanga kwa karatasi na gundi chumbani kwake, palepale wanapotengeneza mataji. Aliubadilisha siku ya sikukuu wakati watu wanagawana nazi za sadaka. Kwa mwaka mzima alikuwa amemshika Chakradhar kidevu kila asubuhi, amemgeuza uso kushoto na kulia, na kila asubuhi Chakradhar alimuuliza kama nywele zake zinaonekana zimejaa.

"Siku ile nilimpaka vizuri. Nilitaka akifa asitie haya kazi yangu. Kisha nikaenda hekaluni nikakaa. Sikusali, nilikaa tu. Niliporudi nilimkuta mlangoni, anakunywa kahawa, na rangi yangu usoni haijachafuka hata kidogo. Nikamuuliza, hukushuka? Akasema, amenisaidia mwanao." Alisugua kingo za kucha zake. "Nilikimbia, afande. Umri huu nilikimbia. Nilipofika ngazini nilisikia watu wanapiga makofi. Walidhani anaigiza."

Yesupadam alikuwa amesimama barabarani, akiwafukuza majirani waliokuwa wanajipitisha.

"Kwa nini hukusema?" Ahobalam aliuliza.

Kotilingam alielekeza macho ndani ya nyumba. Alieleza kwa kunong'ona kwamba Punnamma, mkewe, anajua mwanawe aliuawa na bahati mbaya, na bahati mbaya mtu anaweza kulala nayo. Mzee mwenyewe haogopi kitanzi. Angekwenda kwa miguu yake. Alichoogopa ni Punnamma kusikia ni mkono wa nani. Akaomba kitu kimoja, aseme yote kituoni, na Punnamma aambiwe vingine, vyovyote vile.

Ahobalam alimhurumia, na akajua hawezi kumpa. Maneno yatasomwa mahakamani, magazeti yatayapiga kichwa cha habari, na muuza mboga atayaleta mlangoni kabla ya saa sita. Alikuwa anatafuta namna ya kulisema hilo aliposikia bangili.

Punnamma alikuwa kizingitini. Hakuna aliyejua amesimama hapo tangu lini. Alikuwa mwanamke mfupi, macho makavu, na hakumtazama inspekta kabisa.

"Sema hapa," alimwambia mumewe. "Niliwabeba wote wawili mimi. Usiende kumwambia hakimu kwanza."

Kotilingam akasema akiwa ameketi.

"Upanga nilibadilisha mimi. Nilitaka yule mwingine."

Ahobalam alingoja kilio. Alikuwa amekaa kwenye misiba mingi na alijua kilio kinavyokusanyika kabla hakijatoka. Hakikuja. Punnamma aliingia ndani, akarudi na kitambaa cheupe cha begani kilichokunjwa, kile cha kwendea mahali pa heshima, akamwekea mumewe mapajani. Ahobalam akatazama barabarani, akamwambia Yesupadam aite rikisho nyingine, halafu akamwambia tena, ingawa alikuwa amesikia.

Mzee alijitanda kitambaa. Aliyafunga makubazi yake kwa shida, na inspekta akamshika kiwiko mpaka akasimama sawasawa. Hakumtia pingu.

Kwetu mtu akitoka nyumbani hasemi "naenda". Husema "naenda nije", hata kama anakwenda kununua ndimu hapo kona, kwa sababu anayekwenda bila kuja ni yule anayebebwa na watu wanne. Mtoto akilikosea neno hilo, mama humkatiza papo hapo, humrudisha ndani, humkalisha, humfanya aliseme upya. Ahobalam mwenyewe, na umri wake na cheo chake, bado alirudishwa na mama yake kila mwaka akienda likizo.

Kotilingam alishuka ngazi ya kibaraza, akageuka.

"Naenda," alisema.

Punnamma alikuwa amelisikia. Alimtazama mpaka alipopanda rikisho, na hakumrudisha. Kisha akainama, akachukua sufuria ya jirani pamoja na sahani yake, akaingia nayo ndani.